Visanduku Vitatu vya Bwana Saif

Katika Minago yote, na hata ukishuka mpaka Rumonge mjini, hapakuwa na sikio lililoogopwa kama la Mwalimu Hyacinthe. Ualimu wake haukuwa wa ubao na chaki. Alifundisha kwaya, na siku zisizo za mazoezi alikamua mawese kama wanaume wengine wa mwambao ule wa ziwa. Wazazi wake walivuka kutoka upande wa Fizi, Kongo, yeye angali mgongoni, wakavuka na sufuria mbili, dini yao na nyimbo zao za Kiswahili. Ndiyo maana kanisa lao pale Minago liliimba Kiswahili, na aliyeliongoza kuimba alikuwa yeye, tangu ujana wake mpaka vita vilipowatawanya waimbaji huku na huko.

Sikio lile lilikuwa baraka kwa kwaya na adhabu kwa watu. Alikuwa akiwasimamisha waimbaji ishirini na wanne katikati ya ubeti, anafumba macho, anasema, "Safu ya nyuma, wa pili, umepanda." Na kweli wa pili wa safu ya nyuma alikuwa amepanda. Sopurano wakizidisha kelele aliwaambia neno moja tu, "Shusheni," kwa sauti ya chini, nao wakashusha. Kipaji cha namna hiyo kingempendeza mtu mnyenyekevu. Hyacinthe hakuwa mnyenyekevu hata chembe, tusidanganyane.

Na kwa kuwa Mungu naye ana mizaha yake, mwenye sikio hilo akampenda Chanceline. Chanceline alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye sauti nzito kiasi kwamba sokoni aliyemsikia kwa nyuma alimwitikia, "Naam, baba." Sauti nzito si kosa. Kosa lake ni kwamba kila alipoimba aliteleza nusu hatua chini ya wenzake, akabaki huko huko chini bila kujua, huku akitabasamu. Na kuimba alikupenda kuliko kula. Hyacinthe alimweka katika sauti ya pili, wa tatu kutoka kushoto, kando ya mdogo wake Pascasie, akitumaini kwamba dada mtu angevutwa juu na mdogo wake. Hakuvutika. Mwalimu akawa anavumilia kila Jumapili kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu.

Mwaka 1995 vita vilikuwa vimeshaanza, lakini barabara ya ziwa ilikuwa bado inafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na watu walijifanya kwamba hayo ndiyo maisha. Mwaka huo kwaya ilipata bahati: muumini mmoja aliazima redio-kaseti yenye kipaza sauti kizuri, na kaseti mpya moja. Hyacinthe alikuwa ametunga wimbo wa beti tatu juu ya ziwa na wale waliolivuka. Aliutaka wimbo ule utoke safi, usiwe na doa.

Sasa, makwaya ya mwambao ule yana desturi yao. Siku kubwa ikifika, mwimbaji anayeharibu hafukuzwi, maana kumfukuza ni kumvunjia heshima mbele ya watu. Huachwa asimame mahali pake, avae sare kama wenzake, na mwalimu humwambia pembeni afungue kinywa tu bila kutoa sauti. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Jumamosi ya kuamkia siku ya kurekodi, Chanceline alikuwa anachagua maharage jikoni, mume wake akaja akasimama mlangoni akamwambia kwamba kesho afungue kinywa tu. Chanceline akauliza kama ni wimbo mzima. Hyacinthe akajibu kwamba ni wimbo mzima. Mwanamke akaendelea na maharage yake.

Wimbo ulitoka vizuri. Kaseti ikapita mkono kwa mkono mpaka Nyanza-Lac, na Hyacinthe akatembea miezi kadhaa kifua mbele. Kabla mwaka haujazunguka, Chanceline alipanda lori kwenda Rumonge na madumu mawili ya mawese. Lori lilisimamishwa njiani na watu wenye bunduki. Walikuwa wa upande gani, hakuna aliyeuliza kwa sauti, na mpaka leo hakuna anayeuliza. Walikufa tisa. Hyacinthe alimtambua mke wake kwa kitenge. Wiki hiyo hiyo nusu ya Minago ilikuwa imekimbia, wengine Kigoma, wengine wamerudi Kongo ambako nako moto ulikuwa unawaka. Basi mke wa mwalimu wa kwaya akazikwa haraka haraka bila hata ubeti mmoja, kwa sababu hapakuwa na wa kuimba, na mwalimu mwenyewe hakuimba.

Nyumba yao iliungua mwezi uliofuata. Picha za harusi ziliteketea. Kilichobaki kwa Hyacinthe ni kaseti, kwa kuwa aliibeba mfukoni.

Hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanza, maana huo ni ugonjwa, tusiupambe. Alisikiliza kaseti ile kila alipopata betri. Na katika ubeti wa tatu, chini kabisa, nyuma ya sopurano na tenori, alisikia sauti nzito, iliyoteleza kidogo chini ya wenzake. Ilikuja, ikazama kwenye mchakarisho wa utepe, ikarudi. Hyacinthe akaamua kwamba ni Chanceline. Akaamua kwamba siku ile mke wake alivumilia beti mbili, wa tatu ukamshinda, akaimba. Alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Maana kama Chanceline aliimba, basi hakumtii. Na kama hakumtii, basi Hyacinthe hakumnyang'anya kitu, na sauti ya mke wake iko duniani, inaweza kusikika. Na kama hakuimba, basi mume wake ndiye aliyeifuta mapema, kabla ya wale wenye bunduki. Hakuna siku hata moja aliyolala bila kupima mizani hiyo.

Miaka ikapita namna hiyo. Utepe ukachakaa, kila mwaka mchakarisho ukaongezeka, na sauti ile ikawa inazama zaidi.

Mwaka 2003 alipeleka kaseti Rumonge kwa Saif. Saif alikuwa na duka karibu na soko, ukoo wake Waarabu wa Omani waliofanya biashara Bujumbura tangu enzi za mababu. Aliuza betri, balbu, nyaya na redio, na alikuwa na kompyuta moja aliyoitunza kuliko gari. Aliingiza wimbo ule ndani ya kompyuta, na alifanya vyema, kwa sababu wiki mbili baadaye redio ya Hyacinthe ikautafuna utepe wote. Lakini kusikiliza ndiko kulikokuwa na shida. Ukichomeka kaske, zile spika za kufunika masikio, kwenye tundu la kompyuta ya Saif, ulisikia mvumo kama wa nyuki, na kila mashine ilipofikiri, ukasikia na mikwaruzo. Ubeti wa tatu ulikuwa uji mtupu.

"Mwalimu, kompyuta haijue kuimba," Saif alimweleza. "Inajua kuhesabu tu. Wimbo wako mule ndani iko namba, namba tupu. Iko kakitu kanageuza zile namba kuwa sauti, na hiki changu ni cha ovyo, tena kanakaa karibu na feni na moteri, kanachukua makelele yote. Wimbo uliingia muzuri. Kutoka ndiyo matatizo."

Akasema kwamba dawa ipo. Siku hizi kazi hiyo inaweza kutolewa nje ya kompyuta, ikafanywa na kisanduku kidogo kinachounganishwa kwa waya wa USB, mbali na feni na mamoteri. Kaka yake Qais, aliyekuwa akienda Dubai kununua bidhaa, angetafuta. Hyacinthe akauliza kama kisanduku hicho kingemwezesha kumtambua mtu mmoja kati ya ishirini na wanne. Saif akasema inategemea ni kisanduku gani.

Vilifika vitatu, mwanzoni mwa mwaka 2004, vimefungwa ndani ya shati, kwenye moja ya misafara ya magari iliyokuwa ikisindikizwa na askari. Makubaliano yalikuwa kwamba Mwalimu achague kimoja, alipe kwa mawese, kikae pale pale dukani kwa ajili yake, na Saif auze vingine. Asubuhi ya Alhamisi, siku ya soko, Hyacinthe akashuka kwa baisikeli. Alikuwa amemtumia habari Pascasie, ambaye sasa aliishi Rumonge akiuza ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, kwamba aje asikie sauti ya dada yake. Pascasie alikuja. Alimsalimia shemeji yake, amahoro, amahoro, akaketi kwenye benchi nje ya duka na kikapu chake miguuni, akasema atasubiri mpaka aitwe.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa cheusi, kinang'aa, chenye taa ya bluu na vitufe viwili: kimoja cha kuongeza besi, kingine cha kufanya watu waimbe kana kwamba wako ndani ya kanisa kubwa la mawe. Saif alikipenda kuliko vyote na hakuficha. Hyacinthe akavaa kaske. Mvumo wa nyuki ulikuwa umeondoka. Kwaya yake iliingia kichwani imenona, wanaume wanatetemesha mifupa, na katika ubeti wa tatu ile sauti ya chini ilipanda, nene, yenye joto, ikajaa kichwa kizima. Ilikuwa Chanceline. Hyacinthe aliinamia meza, machozi yakadondoka kwenye vidole vyake, naye hakuyafuta.

Saif alimwacha amalize kulia, kisha akamwambia, kwa upole wa mtu anayejua kuuza na anayejua pia kufiwa, kwamba asihangaike na vingine. Hiki ni kipya, kina karatasi zake, na kimempa alichokuja kutafuta.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Angemwita shemeji yake, wangesikiliza, wangelia pamoja, wangekwenda nyumbani. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Hyacinthe alijifuta uso, akaomba kile kitufe cha besi kizimwe. Saif akazima kwa shingo upande. Ile sauti ikakonda papo hapo. Akaomba na cha kanisa la mawe kizimwe. Ikakonda tena.

"Kinaongeza," Hyacinthe alisema. "Chombo chenye kuongeza, hata uongo kitaongeza."

"Na kama uongo unakufurahisha, Mwalimu?"

Hyacinthe alikuwa ameshashika cha pili.

Cha pili kilikuwa kidogo kama kidole gumba, hakina taa wala kitufe. Hicho alikikataa upesi. Kiliondoa mvumo, ndiyo, lakini kiliwaondoa na wanaume. Wimbo ulipofuata, sopurano walilia kama mbu, na chini hapakuwa na kitu. Saif alishangaa jinsi alivyokikataa kabla wimbo haujaanza kuimbwa, akamuuliza amejuaje. Hyacinthe akamwambia kwamba kwaya haipimwi kwenye wimbo, hupimwa kwenye pumzi. Kabla ya neno la kwanza watu ishirini na wanne wanavuta pumzi pamoja, na kila mtu ana pumzi yake. Chombo kinachojua kutoa pumzi kitajua kutoa sauti.

Cha tatu kilikuwa bati la kijivu, limekwaruzwa pembeni, kina kifundo kimoja tu cha kupandisha na kushusha. Qais alikinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga studio yake, kimetumika. Saif alikichomeka bila moyo. Hyacinthe akamwomba arudie mwanzo tu, pale kabla ya neno la kwanza. Akarudia. Akamwomba tena. Mara ya nne Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, kwa sababu alikuwa amemsikia mzee Kalume, besi wa mwisho kulia, aliyekuwa na pua iliyoziba miaka yote na ambaye alifia kambini. Pumzi ya Kalume ilikuwa pale, peke yake, na filimbi yake ndogo. Nyuma yake mbuzi alilia nje ya kanisa. Kiatu kilisogea kwenye saruji. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa.

"Hiki," Hyacinthe alisema.

Wala hakuona kwamba alikuwa anafanya jambo lile lile alilolifanya miaka tisa iliyopita mlangoni mwa jiko. Kwa mara ya pili alitaka wimbo uwe safi, na hakujiuliza usafi ule utamgharimu nani.

Aliusikiliza ubeti wa kwanza. Aliusikiliza wa pili. Aliwajua wote, mmoja mmoja, waliokufa na wasiojulikana waliko, na sauti ya pili aliipitia kutoka kushoto: wa kwanza, wa pili, kisha mahali patupu, kisha Pascasie. Alijua kwamba patupu hapo ni sawa, bado. Mke wake angeingia kwenye ubeti wa tatu.

Ubeti wa tatu ukaanza. Ile sauti ya chini ikaja, nzito, imeteleza kidogo, na safari hii haikuzama. Ilikuwa karibu sana, karibu kuliko waimbaji wote, kana kwamba aliyeitoa alikuwa ameegemea kipaza sauti. Iliimba mstari mmoja wa sauti ya pili, kwa kinywa kilichofungwa nusu, kama mtu anayeimba akiwa na kazi nyingine mikononi. Iliimba wa pili. Sopurano walipanda kupita kiasi. Na sauti ile, bila kubadilika, ikaacha kuimba, ikasema chini kwa chini, "Shusheni." Kisha ikaendelea kuimba, nusu hatua chini ya wenzake.

Hyacinthe alirudisha nyuma mwenyewe, kwa mkono wake. Akasikia tena. "Shusheni." Katika kwaya ile mtu mmoja tu alikuwa na ruhusa ya kulisema neno hilo.

Basi aliyeharibu wimbo alikuwa mwalimu. Alisimama mbele ya kipaza sauti akipunga mikono, na kwa raha ya kusikia kazi yake imekuwa safi akaanza kuimba bila kujijua, vibaya, na sikio lake lililokamata kila mtu halikuwahi kumkamata mwenyewe. Miaka minane alikuwa akiililia sauti yake mwenyewe. Mahali pa Chanceline, wa tatu kutoka kushoto, palikuwa patupu mpaka neno la mwisho, na kisanduku kile cha kweli kilimwonyesha utupu ule wazi wazi, na mipaka yake.

Alivua kaske akaiweka mezani polepole. Saif alimwangalia usoni, akakumbuka ghafla kwamba kuna nyaya za kupanga nyuma ya duka.

Nje, Pascasie alikuwa akifukuza nzi kwenye kikapu. Alisogea kumpa shemeji yake nafasi ya kukaa. Hyacinthe hakukaa.

"Hayuko," alisema.

"Minajua, shemeji."

Hyacinthe alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Pascasie akaendelea kufukuza nzi.

"Nilikuwa kando yake, bega kwa bega," alisema. "Alifungua kinywa, akafunga, akafungua, vile ulimuambia. Hata kupumua alipumua na pua, pole pole, asikuharibie kazi."

"Mbona haukuniambia?"

"Haukuniuliza. Myaka munane. Kila siku ya soko unapita mbele yangu na baisikeli, unaniuliza bei ya ndagala, unaniuliza batoto. Mutu aliyekuwa karibu naye kuliko bote ni mimi, na niko hapa. Wewe ukaenda kuuliza chuma."

Kuuliza si ujinga, watoto hufundishwa hivyo kabla hawajajua kuhesabu. Lakini Hyacinthe alijua vizuri kwa nini hakuuliza. Chuma angeweza kubishana nacho miaka yote, betri baada ya betri. Pascasie angejibu mara moja, ikawa basi. Alisimama pale juani na aibu ikamshika miguu, aibu hasa, si huzuni. Huzuni alikuwa ameizoea. Akamuuliza, kwa kuwa sasa ilibidi kuuliza kitu, kwa nini basi amekuja leo ikiwa jibu analo.

Pascasie alisema kwamba labda kile chombo kilikuwa kimesikia kitu ambacho yeye hakukisikia. Alisema hata yeye angependa iwe hivyo. Dada yake alikuwa akiimba kutwa nzima nyumbani, mume akitoka tu, nyimbo zote za kwaya, mpaka jirani wakagonga ukuta wakicheka. Na baisikeli ya Mwalimu ikisikika njiani, ananyamaza, anaweka maji motoni. Wimbo wenyewe wa ziwa aliujua wote, alisema Pascasie. Beti zote tatu.

Hyacinthe akauliza tena, na sauti yake ilikuwa imeteremka kiasi kwamba mwanamke ilibidi ainamishe kichwa. Alitaka kujua kama siku ile, baada ya kaseti, Chanceline alisema neno lolote. Kama alikasirika. Alimwomba amwambie kama alikasirika.

"Hapana," Pascasie alisema. "Tulitoka kanisani, akanishika mukono. Akaniuliza, 'Pascasie, nimenyamaza muzuri?'"

Alijitwika kikapu, kwa sababu soko lilikuwa limejaa na yeye alikuwa hajauza kitu.

"Nilimuambia ndiyo, muzuri sana. Akafurahi."